Nilivyozama kwa Adabu

Nakumbuka asubuhi moja pale Kipili, nikiwa na miaka ishirini, mama yangu mdogo aliacha dagaa wake juani, akanifuata ukingoni mwa ziwa na kuniambia kwamba mimi ni mwongo. Ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka majini, natetemeka, nimejifunga kitenge juu ya nguo zilizolowa. Mwanangu, nitakueleza jinsi nilivyostahili kuitwa hivyo, na usiwe na haraka, maana kosa lenyewe ni la aina ambayo mtu hulifanya huku akisifiwa.

Mimi ni mtoto wa kijiji cha Msanzi, mbali na ziwa. Nyumbani tulilima mahindi na ulezi, na maji tuliyoyajua yalikuwa ya mtoni, ya kufika magotini. Nilipomaliza darasa la saba nilipelekwa Kipili kwa mama mdogo Regina, aliyeolewa na mvuvi, nikamsaidie kuanika dagaa. Huko ndiko nilikojifunza kuogelea, na sikufundishwa na mtu. Nilikuwa naosha vyombo ziwani, sufuria linaponyoka, nami nalifuata. Leo hatua mbili, kesho kumi, mpaka nikawa nayafuata masufuria ya majirani pia.

Basi yakatangazwa mafunzo ya uokoaji majini, ya miezi miwili. Watakaofaulu wangepanda boti za abiria, na kazi yao ingekuwa kumfuata mtu akianguka majini. Mtihani ulikuwa mmoja: umvute mtu mzima kutoka kwenye mtumbwi uliotia nanga mbali kidogo, umfikishe ukingoni, mdomo wake ukiwa juu ya maji wakati wote. Asiyevuta hapati cheti, na bila cheti hapandi boti. Nilikitaka cheti hicho kuliko kitu chochote. Tulijiandikisha kumi na wawili, na mwanamke nilikuwa peke yangu.

Utani haukukosa. Kijana mmoja anaitwa Kizito, mwenye mabega mapana kuliko wote, aliniambia siku ya kwanza, "Dada, huku siyo Msanzi. Maji hayalimwi kwa jembe." Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Utani wa namna ile haukuniumiza, maana unausikia, unaujibu, unapita.

Kilichonipata kilikuwa kimya zaidi. Mwalimu wetu, mwalimu Zuberi, hakuwa mtu mbaya, na hata siku moja hakutamka kwamba mwanamke hawezi kazi ile. Nataka ulielewe jambo hili vizuri. Hakunikataza. Alinipa kazi nyingine tu. Tulipoanza zoezi la kuvutana alitutazama, akasema, "Skola, wewe mwepesi. Zama wewe, wenzako wajifunze." Nikazama. Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa. Nilipouliza zamu yangu ya kuvuta itafika lini, akajibu, "Utavuta, usiwe na wasiwasi." Wiki ya kwanza ikaisha hivyo, ya pili ikaja.

Sasa sikiliza kosa langu. Siku ya kwanza kabisa Kizito aliponivuta, alinibana koo kwa mkono, kichwa changu kikaenda chini, nikanywa maji. Mwalimu akamfokea mbele ya wote. Kizito akanitazama kama mtu niliyemharibia maisha. Nikamhurumia. Zamu yake iliyofuata, nilipiga miguu kidogo chini ya maji, kidogo tu, nikajiinua mwenyewe. Akanifikisha ukingoni bila tabu, akapigiwa makofi. Tangu hapo nikawa namfanyia kila mmoja hivyo. Wakaanza kunisifu: "Skola anavutika vizuri!" Ningewezaje kukataa sifa? Nilikuwa peke yangu pale, na hatimaye nilikuwa nimepata kitu cha kupendewa. Kwa wiki tano nilizama kwa adabu.

Nilidhani hakuna anayeona. Lakini maji ya Tanganyika hayafichi kitu. Ukisimama juu ya jiwe wakati jua limepanda, unaona hadi changarawe za chini. Na mama mdogo alikuwa anaanika dagaa wake juu ya mawe.

"Nimeiona miguu yako," aliniambia asubuhi ile. "Inachapa maji kama bata."

"Nawasaidia tu, mama. Wasiaibike."

"Baba yako mdogo anasafiri na boti hizo kila wiki. Akianguka majini, atampigia Kizito miguu?"

Alirudi kugeuza dagaa wake, akaniacha nimesimama na kitenge changu kilicholowa. Ningependa kukuambia kwamba nilielewa papo hapo, lakini nilikasirika kwanza. Nilijiambia kwamba kosa ni la mwalimu aliyeninyima zamu. Na kweli, lile lilikuwa kosa lake, wala silifuti. Lakini miguu ilikuwa yangu.

Siku iliyofuata Kizito aliponishika, sikupiga miguu. Nilikuwa mzito kama mtu anavyokuwa mzito. Hatukufika hata nusu ya njia, tukazama wote wawili, akaibuka anakohoa.

"Leo una nini wewe?"

"Leo nazama," nikamjibu.

Akaja wa pili, mambo yakawa yaleyale. Wa tatu naye akaniachia njiani. Mwalimu Zuberi akatuita wote ukingoni, akaniuliza kama naumwa. Nikamweleza. Nilisema yote mbele ya wenzangu: nilianza lini, nilimsaidia nani, na kwamba kwa kadiri nijuavyo, kati ya wale kumi na mmoja hakuna aliyewahi kunivuta kwa nguvu zake. Sauti yangu ilitetemeka, lakini nilimaliza.

Hawakunishukuru. Mmoja alisema, "Nilijua tu. Kazi hii siyo ya sketi." Mwingine akasema nimewauza. Mwalimu akawa anachora mchangani kwa kidole cha mguu. Nikaona kwamba nisipolisema sasa, sitalisema tena.

"Mwalimu, naomba nivute."

"Umvute nani?" akauliza. Akawageukia vijana. "Nani atazama?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Kizito akacheka, ila hakikuwa kicheko cha raha. "Mimi nilazwe kifuani kwa dada, mwalo mzima wa wavuvi unaangalia? Kesho nitaitwa nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa jambo lenyewe. Wangeweza kuvumilia nishindwe, au hata niwashinde mbio. Ila kulegea mikononi mwa mwanamke na kumwachia kichwa chako akubebee, hilo hakuna aliyekuwa tayari nalo. Na kama hakuna wa kuzama, sina wa kuvuta. Cheti changu kilikuwa kinaniponyoka, na hakuna aliyekuwa amenikataza.

"Nipelekeni mimi," sauti ikasema nyuma yetu.

Alikuwa mama mdogo Regina, anajifuta magamba ya samaki kwenye khanga. Mwanangu, mama mdogo alikuwa mwanamke mnene, kumzidi hata Kizito. Na kwa miaka yote aliyoishi kando ya ziwa, hakuwahi kuingia majini zaidi ya magoti.

"Shikamoo, mama," mwalimu akasema. "Unajua kuogelea?"

"Marahaba. Ningejua, ningewafaa nini?"

Watu wakacheka. Nadhani mwalimu alikubali akitegemea kwamba atarudi nyuma akifika kwenye kina. Alipanda naye mtumbwini, akachukua boya na vijana wawili wa tahadhari. Mimi nikaogelea nyuma yao. Mama mdogo alikaa ukingoni mwa mtumbwi, akafanya ishara ya msalaba, akanitazama mara moja, akajiachia.

Alizama kweli. Hakukuwa na maigizo. Alipoibuka macho yalikuwa yamemtoka, na aliponiona akanirukia akanikaba shingo kwa mikono yote miwili, kwa nguvu ambazo mazoezini sikuwahi kuziona. Nikasikia kijana mmoja akipiga kelele nitupiwe boya. Sikuhangaika kumsukuma. Nilijua kwa mwili wangu, baada ya wiki tano za kuzama, mtu aliye majini anataka nini: anataka kwenda juu. Nikajishusha chini makusudi. Akaniachia mara moja. Nikapita chini yake, nikaibukia nyuma, nikamshika kidevu wala si koo, kwa sababu nilikuwa nalijua koo linavyouma.

Kisha nikafanya jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kunifanyia. Nilimsemesha. "Mama, ni Skola. Niko nyuma yako. Tazama juu. Pumua. Laza kichwa, ninacho." Niliyarudia hayo njia nzima, naye njia nzima aliniitikia, "Vuta wewe, acha maneno!" Lakini shingo yake ililegea, mwili ukaelea, na mtu anayeelea hana uzito mkubwa hata awe mnene vipi. Nilichoka mpaka nikaona nyota. Nilimfikisha.

Aliketi mchangani, akatema maji, akapata pumzi. Maneno yake ya kwanza yalikuwa kuuliza kama kuna mtu amekumbuka kugeuza dagaa.

Mwalimu Zuberi hakutoa hotuba. Alisema, "Kesho tunaanza upya. Kila mmoja atazama, kila mmoja atavuta." Jioni alinifuata, akaniambia kwamba alinipa kazi ile bila kufikiri, na kwamba kutofikiri siyo udhuru. Nilimheshimu kwa hilo. Vijana walinuna siku mbili. Siku ya tatu, mwalimu alipouliza nani atanizamia, Kizito akanyoosha mkono. "Ila usinisemeshe sana," akasema. Alipofika ukingoni akakaa kidogo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nikikushika mimi, koo linabanwa wapi hasa?" Nikamwonyesha. Mimi nilipata cheti changu, naye alipata chake, na nilisafiri kwenye boti moja naye miaka mingi. Nisingeogopa kuanguka majini akiwapo.

Sasa niko hapa Mazwi, mjini, magoti hayataki tena maji baridi, na mabinti huja kunisalimia na kunieleza mambo yao. Mmoja anaandika taarifa zote za ofisi, na mwenzake wa kiume ndiye anayezisoma mkutanini. Mwingine amejifunza ufundi wa pikipiki, lakini gereji nzima inamtuma kununua vitafunio. Wananiambia, "Bibi, hawajanikataza." Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimekusimulia haya.

Nasaha yangu ni hii. Ukipewa kazi ya kuzama, zama vizuri, ujifunze kila kitu kilichomo ndani yake, maana ipo siku utayahitaji mambo ambayo wavutaji hawayajui. Lakini usimpigie mtu miguu chini ya maji ili aonekane ana nguvu. Huo si upole. Unamdanganya yeye, unajizuia wewe, na kuna mtu wa tatu kwenye boti ambaye atalipa kwa pumzi yake. Siku utakayoacha, watanuna. Waache wanune siku mbili. Omba zamu yako kwa sauti inayosikika, hata kama inatetemeka. Na wewe kijana wa kiume unayesoma haya, jifunze kulaza kichwa. Nimewavuta wanaume wengi, na waliofika salama ni wale waliokubali kushikwa.

Mwenyezi Mungu akupe kifua kipana na mikono isiyochoka upesi. Na siku itakapokuwa zamu yako ya kuzama kweli, akupe mtu atakayekushika kidevu, asikubane koo, na akusemeshe mpaka ukingoni.