Gari Jeusi Nililomchagulia Mwalimu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliulizwa swali la maneno machache nikalijibu kwa kidole tu, bila kufungua mdomo. Leo mvi zimenijaa na magoti hayataki tena mlima, lakini nikiikumbuka siku ile mwili bado unanisisimka. Sogea nikusimulie. Nimesikia nawe umepata kazi ya kukagua mali za watu kabla hazijanunuliwa, na mtu anayekuamini hufumba macho yake akatazama kwa yako.

Nilikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, fundi wa magari hapa Same mjini, kwenye yadi moja kando ya barabara kuu. Mwenye yadi tulimwita Tajiri, na jina hilo lilimpendeza. Alikuwa akiuza magari yaliyokwisha kutumika, hasa yale makubwa ya fahari ambayo watu huyaita mashangingi. Sisi tuliojifunza ufundi kwa kushika spana hatukuota kumiliki hata tairi moja la gari kama hilo, lakini kulifunua boneti tu ilikuwa raha.

Wiki ile yadi ilikuwa na mashangingi mawili. Moja jeusi, limeng'arishwa mpaka unajiona meno ubavuni mwake, viti vya ngozi, na ndani harufu ya duka jipya. Jingine lilikuwa la rangi ya maziwa iliyopauka, bampa limekwaruzika, redio haitoi sauti. Ila injini yake, mwanangu, ilikuwa ikipumua kama mtoto mchanga aliyeshiba.

Siku mbili kabla ya mkasa wenyewe, Tajiri aliniagiza nioshe zulia la lile jeusi. Nikaling'oa. Nilichokiona chini yake kilinifanya nichuchumae pale pale. Mstari wa kuchomelea ulikuwa umekatiza sakafu nzima, toka mlango mpaka mlango. Nikaingia uvunguni na tochi, nikakwangua lami iliyopakwa nene kuliko kawaida, nikakuta hata chesisi, uti wa mgongo wa gari, nayo imekatwa na kuungwa. Hilo halikuwa gari moja. Yalikuwa magari mawili yaliyopata ajali. Mtu amechukua mbele ya hili na nyuma ya lile akayafungisha ndoa. Wahenga hawakukosea: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Nilipotoka uvunguni nikamkuta Tajiri amesimama.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Nimeona, bosi. Limeungwa katikati."

"Hujaona," akasema kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto. "Kuanzia mwezi ujao nataka mkuu wa mafundi hapa. Nilikuwa nakufikiria wewe. Sasa rudisha zulia."

Nikarudisha zulia. Sitakudanganya kwamba nilihangaika sana. Nilijiambia kwamba litanunuliwa na mtu wa mjini, atatembelea lami, litadumu. Tena, nani kanifanya polisi? Moyo ukitaka jambo hauchoki kutafuta sababu.

Siku mbili baadaye, asubuhi, akaingia Mwalimu Mbazi.

Huyu ndiye aliyenifundisha kusoma, shuleni kwetu Myamba, kule mlimani. Mwalimu mrefu, mwenye sauti ya chini, asiyepiga fimbo mtu kabla ya kumsikiliza. Alikuwa amestaafu. Alikuja na mkewe, Mama Nanzia, aliyekuwa akitembea kwa kushika kiuno. Mgongo ulikuwa unamtesa miaka mingi, na kila mwezi ilimbidi ateremke mlimani aende hospitali Moshi. Basi lilikuwa linammaliza. Watoto wao walichanga, Mwalimu akaongeza kiinua mgongo chake, wapate gari refu lenye viti laini linaloweza kupanda mlima bila kumtikisa mgonjwa. Hawakuja kutafuta fahari. Gari la fahari ndilo lililokuwa na viti ambavyo mgongo ule ungevistahimili.

"Shikamoo Mwalimu. Shikamoo mama," nikawaamkia.

"Marahaba, Kajiru mwanangu. Kumbe uko hapa! Basi nimefika kwa wenyewe," Mwalimu akasema, na akacheka kabisa, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Mama Nanzia aliingia kwenye jeusi, akakaa, akatoka. Akaingia kwenye lile lililopauka. Humo alikaa muda mrefu, macho ameyafumba. Kisha akasema, "Mimi hapa panatosha. Mgongo umenyamaza."

Tajiri akaingilia kati haraka, akaanza kulisifia jeusi: kiyoyozi, taa, rangi, heshima ya mtu aliyelitumikia taifa. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akanigeukia mimi.

"Kajiru, magari mimi nayajua kwa kuyapanda tu. Wewe umeyafungua yote mawili. Lipi litanipandishia huyu mama mlima?"

Tajiri alikuwa nyuma yake. Akakohoa kidogo.

Mwanangu, ulimi ulikataa. Labda ulikuwa na haya kuliko mimi. Lakini mkono wangu uliinuka, na kidole kikaelekea kwenye gari jeusi.

"Basi," Mwalimu akasema. "Fundi amesema." Mama Nanzia alilitazama lile jingine mara moja tu, akaliacha, kwa sababu mumewe alikuwa ananiamini, naye alikuwa anamwamini mumewe.

Wakaondoka kabla ya saa sita. Tajiri alinipiga begani. Mwenzangu Sefu, fundi wa maneno machache, alileta chai, nikaishika mpaka ikapoa.

Haikupita saa nzima, simu yangu ikalia. Ilikuwa namba ya Mwalimu, lakini sauti ilikuwa ya mama yangu mzazi.

"Kajiru baba! Nilikuwa stendi nangoja basi, Mwalimu kaniona kanichukua. Nimekaa nyuma na Mama Nanzia. Wee! Hiki kiti ni godoro. Mwalimu anasema wewe ndiye uliyemchagulia. Mungu akubariki mwanangu, leo nimejisikia nimezaa."

Mama alikuwa ameteremka mjini tangu juzi kumwona dada yake mgonjwa, na mimi sikujua kama siku ile ndiyo anarudi nyumbani.

"Mama, mwambie Mwalimu asimame!" nikapiga kelele. "Asimame hapo hapo!"

"Nini? Sikusikii baba, upepo..."

Simu ikakatika. Nikapiga, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Siku zile mtandao upande ule ulikuwa wa kuuwinda. Ukiacha mji nyuma umeachana nao. Mkuki kwa nguruwe, mwanangu. Kwa binadamu mchungu. Dakika ile ndiyo niliyojua maana ya methali hiyo, ingawa zamani niliiandika kwenye daftari darasani kwa Mwalimu huyo huyo na kupata vema.

Nilichukua pikipiki ya Sefu bila hata kumwomba. Sikumbuki vizuri njia ya Kisiwani siku ile. Nakumbuka vumbi mdomoni. Nakumbuka nikihesabu kona za mlimani kichwani, nikijiuliza chuma kile kitashika mpaka ya ngapi. Kwenye tambarare nilikuwa na tumaini. Nilipofika Maore nikawauliza watu kama wameona gari kubwa jeusi, wakaniambia limeshaanza kupanda. Hapo tumaini likaniponyoka.

Nililikuta kwenye kona kali, chini kidogo ya Bombo. Kwanza niliona watu wamelizunguka, wakulima waliokimbia kutoka mashambani na majembe yao. Kisha nikaliona lenyewe. Tumbo lilikuwa limelala barabarani. Mbele kulitazama juu na nyuma kulitazama juu, na katikati limevunjika kama muhogo. Tairi moja la nyuma lilikuwa linaning'inia nje ya ukingo, na chini yake kulikuwa na bonde tu. Wanaume walikuwa wamefunga kamba kwenye mti, wengine wamelala juu ya boneti kuongeza uzito. Milango ya nyuma ilikuwa imebana, haifunguki.

Walikuwa wamekwisha kumtoa mama yangu dirishani. Alikuwa amekaa chini kwenye majani, damu inamtoka kwenye paji la uso, kanga imechanika. Mama Nanzia ndiye aliyekuwa bado ndani. Kila wakimshika analia kwa sauti ambayo sijaisikia tena maishani. Niliingia nusu mwili dirishani nikamshika mabega, mwingine akamshika miguu, tukamtoa taratibu. Magunia na fito zikafanywa machela, vijana wanne wakambeba kuelekea hospitali ya karibu. Mwalimu alitaka kuwafuata, wakamzuia, wakamkalisha kwenye jiwe.

Watu wakaanza kumpa pole. Mmoja, mwanamume wa makamo, akanitazama ovaroli yangu, akauliza, "Huyu si ndiye fundi wao? Gari gani hili alilowapa?"

Mwalimu akainua kichwa, akasema neno ambalo sikulitarajia. "Mwacheni kijana. Huyu ni mwanafunzi wangu, namjua. Amekuja mbio mwenyewe kutusaidia. Angejua, angeniambia."

Laiti angenitukana. Laiti angeniinukia na jiwe lile alilokalia. Nilisimama pale na mafuta ya pikipiki mikononi, na nikaona kwamba nikinyamaza sasa, watu wale wote watanipa mkono wa shukrani.

"Nilijua, Mwalimu," nikasema.

Wakanigeukia wote.

"Nilijua tangu juzi. Niliuona muunganiko chini ya zulia. Niliambiwa ninyamaze, nikanyamaza."

Mwalimu alinitazama kama mtu anayejaribu kusoma mwandiko ambao zamani aliufahamu. Aliyezungumza ni mama yangu. Aliinuka akishika nyasi, akaja mpaka mbele yangu, damu imefika shavuni. Aliniuliza kwa Chasu, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti ndogo, lakini kila aliyekuwepo alisikia.

"Kajiru. Mimi nisingepanda gari hili, wewe ungekuja?"

Mwanangu, nimeulizwa maswali mengi duniani. Nimeulizwa na polisi, nimeulizwa na hakimu. Hilo la mama ndilo pekee ambalo sikuwa na jibu lake, kwa sababu jibu tulikuwa tunalijua wote wawili. Nisingekuja. Ningekunywa chai yangu. Ningesikia jioni kwamba Mwalimu amepata ajali, ningesema masikini, na mwezi ujao ningekuwa mkuu wa mafundi.

Mama aliona jibu usoni pangu. Alijifunga kanga yake iliyochanika, akaanza kuifuata ile machela kwa miguu, akichechemea. Alikataa nimpakie kwenye pikipiki.

Yaliyofuata nitayasema kwa ufupi, maana siyo yanayoniamsha usingizini. Niliandika maelezo yangu polisi na nikasimama mbele ya sheria nikayarudia, Tajiri akinitolea macho. Kazi nikaipoteza kabla sijaupata ukuu. Kwa kubanwa, Tajiri alimpa Mwalimu lile gari la rangi iliyopauka, na miaka miwili mimi ndiye niliyeliendesha kila mwezi kumpeleka Mama Nanzia Moshi, bila ujira. Lakini hakuwahi tena kusimama wima. Aliingia yadini kwetu akiwa ameshika kiuno. Maisha yake yaliyobaki aliyatembea kwa magongo mawili. Hakuniapiza hata siku moja. Alikuwa akiniuliza, "Umekula, Kajiru?" na mimi nilikuwa naitikia huku nikitazama barabara.

Na mama? Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba akitazama pembeni. Msimu mzima wa mvua ulipita hivyo. Siku moja nilimkuta analima, nikachukua jembe nikalima kando yake mpaka jua likapanda. Mwishoni akasema, "Mimi sikukasirika kwa sababu nusura nife. Nilikasirika kwa sababu mwenzangu hakuwa na mtoto yadini kwenu wa kumkimbilia." Akanipa maji ninywe. Hapo ndipo aliponisamehe, ingawa neno lenyewe hakulitamka.

Sasa nisikilize. Kuchagua kati ya magari mawili si jambo gumu. Inua zulia, ingia uvunguni, usisikilize rangi, na mwenye mgongo unaouma akikwambia hiki ndicho kiti, mwamini. Hayo fundi yeyote atakufundisha. Ninalokuusia mimi ni jingine. Anayekuuliza "lipi?" amekukabidhi roho yake na roho za atakaowapakia, na huwezi kujua ni akina nani. Usingoje mama yako apande ndipo ukweli uwe na thamani. Kila anayepanda ni mama wa mtu, hata kama mwanawe hana pikipiki ya kumfuatia. Na usijifariji kwamba hukusema uongo. Mimi sikusema hata neno moja, na mwanamke mzima alivunjika mgongo. Ukiogopa kupoteza kazi, ogopa. Woga si dhambi. Lakini sema huku unaogopa, na useme kabla gari halijaondoka.

Nenda kazini kwako, mwanangu. Mungu wa milima hii na tambarare zake akupe macho ya kuona na kinywa kisichobanwa na mkate. Wanaokuamini wafike makwao salama, na siku mama yako atakapokuuliza swali, uwe na jibu la kumpa ukiwa unamtazama usoni.