Machozi Niliyowaandikia Wafadhili

Chama chetu kidogo cha Kamembe, mpakani mwa Kongo, kilikuwa kikiomba ufadhili ili watu wapate intaneti ya bure. Kongo ilikuwa bado haijatulia. Maman Furaha alikuja ofisini kila asubuhi, akasoma habari za Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kwenye kompyuta yetu moja huku akifuta machozi. Mimi mjuaji nikaamua kwamba anamtafuta mumewe aliyepotea vitani, nikawaandikia wafadhili hivyo.

Walipotutembelea, nikamsimamisha mbele yao na kuusimulia msiba wake kwa sauti ya kutetemeka. Mgeni mmoja akamkumbatia, akilia.

Maman Furaha akanigeukia kwa mshangao.

"Papa, bwana yangu iko hapa Gitambi, analima. Miye naangaliaka kama mpaka iko wazi, nipeleke vitunguu. Macho inaumizwa na hii mashine. Juu ya nini haukuniuliza?"