Apolline husahihisha maelekezo ya seva, mama mkwe humsahihisha yeye

Saa tatu asubuhi, mjini Kasongo, mashariki mwa Kongo, jua limekwisha kuzipata paneli mbili zilizoegemezwa uani kwa Apolline Sumaili, na betri zimeshiba vya kutosha kuwasha kompyuta. Mezani kuna karatasi tano zilizobanwa pamoja. Mbele ya kompyuta ameketi mama mkwe wake, Mama Dieudonnée, miwani puani, kidole juu ya mstari wa kwanza.

Apolline amesimama nyuma yake, mikono mgongoni. Ni sharti alilojiwekea mwenyewe: haruhusiwi kugusa kitu wala kusema neno.

"Hatua ya kwanza," anasoma Mama Dieudonnée kwa sauti ya darasani. "Nimeifanya. Hatua ya pili."

Kazi ya Apolline, mwenye umri wa miaka 34, ni ya namna ambayo hata majirani wamechoka kuiuliza. Husahihisha maelekezo. Mafundi wa shirika moja linalotunza kumbukumbu za vituo vya afya, walio mji wa mbali, huandika hatua za kusimika seva, yaani kompyuta zinazowahifadhia wengine kumbukumbu zao. Yeye huzifuata hatua hizo moja baada ya nyingine, akaona zinakwama wapi, akaandika upya palipopinda.

Seva zenyewe hazishikiki. Ni mashine pepe tatu, kompyuta zilizoundwa ndani ya kompyuta nyingine, zinazofanya kazi kama kundi: moja ikizimika, mbili zinabaki na kila kitu. Pale ambapo umeme ni wa jua, na jua lenyewe lina mambo yake, hilo ni jambo la kushukuru.

"Fundi akiandika, iko na internet, iko na mwenzake wa kuuliza," anasema Apolline. "Mutu wa Salamabila iko na karatasi tu. Karatasi ikimudanganya, amekwisha."

Mtu wa Salamabila safari hii ni Katembo, fundi pekee wa kompyuta katika kituo kimoja cha afya huko Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, upande wa Kabambare. Kompyuta yao ya zamani, yenye kumbukumbu za chanjo za watoto 4,300, inazimika yenyewe mara nne kwa siku. Katembo atazihamishia kwenye seva atakazounda ndani ya kompyuta nyingine, kuukuu lakini nzima, na anaamini diski ile ya zamani itakubali kusomwa mara moja tu, basi. Wazazi wengi ni wachimbaji na wachuuzi waliotoka mbali. Leo wako shimo hili, kesho lile. Majina ya watoto wao yakipotea, hakuna ajuaye pa kuwafuata.

Pikipiki ya kupeleka karatasi inaondoka saa nane mchana.

Apolline anajua kinachoweza kutokea. Miaka miwili iliyopita alitia saini karatasi iliyokwenda kituo cha Lusangi. Hatua mbili zilikuwa zimepishana, hakuziona, na majina ya watoto 612 yakafutika. Wauguzi walizunguka nyumba kwa nyumba kwa miezi miwili, wakimuuliza kila mama mtoto wake alichomwa sindano gani na lini.

"Afadhali wangenitukana," anasema. "Muuguzi mumoja aliniambia tu, 'Pole, dada.' Nililia wiki muzima."

Tangu hapo aliweka sheria: jaribio la mwisho lifanywe na mtu asiyejua kompyuta. Akamtafuta sokoni, akamtafuta kanisani, kumbe alikuwa jikoni kwake. Mama Dieudonnée, mwenye miaka 67, alifundisha darasa la pili kwa miaka thelathini na mmoja, na hajapata kumwonea mtu haya mbele ya kosa.

"Miye siko najua ordinatere," anasema, yaani kompyuta. "Niko najua kusoma. Kile hakiko kwa karatasi, sikifanye."

Saa nne na nusu, kwenye hatua ya kumi na mbili, kazi inaharibika. Mashine ya pili, badala ya kujiunga na ya kwanza, inajitangaza kuwa ndiyo kubwa. Sasa kundi lina wakubwa wawili, na kumbukumbu zikimiminwa humo zitagawanyika na kufutana.

Apolline haamini. Amezipitia hatua hizo mara nne juma hili, na mara zote nne zimefaulu.

"Mama, labda umeruka mustari."

"Mama Falone," anajibu mama mkwe, akimwita kwa jina la mjukuu wake, "nimeruka wapi? Onyesha."

Hakuna aliporuka. Wanarudisha mashine zilivyokuwa, wanaanza upya, inaharibika palepale. Apolline anaketi mwenyewe na kufuata karatasi ileile, neno kwa neno. Inafaulu. Anamrudishia mama mkwe kiti, inaharibika. Saa sita inakaribia, na mtu mwingine angekwisha kusema bibi huyu ana mkono mbaya. Apolline naye, tusimfiche, lilikuwa limemfika mdomoni.

Mama Dieudonnée anavua miwani. "Fanya tena weye. Sasa niko nakuangalia weye, si ordinatere."

Apolline anafanya. Hatua ya kumi na moja, anawasha mashine ya kwanza. Anainuka, anatoka kwenda uani, anafuta vumbi kwenye paneli, anapitia jikoni kukoroga maharage, anarudi kitini na kuendelea na hatua ya kumi na mbili.

"Ile kutoka inje," anauliza mama mkwe, "iko wapi kwa karatasi?"

Apolline anaitazama karatasi, kisha anautazama mlango. Mashine ya kwanza inahitaji dakika kadhaa ili iamke sawasawa, la sivyo ya pili hujiona iko peke yake, na yeye kila mara huipa dakika hizo bila kujua, akiwa anaangalia paneli na sufuria yake. Mafundi walioandika nao wana mashine za kasi, hawakuona haja ya kungoja. Nyani haoni kundule, hata nyani aliyesomea informatiki, elimu ya kompyuta, miaka mitatu kule Kindu.

"Nilisikia haya kwanza," anakumbuka. "Halafu nikasikia furaha, kwa sababu pikipiki ilikuwa haijaondoka."

Anachukua kalamu na kuongeza mstari: "Subiri dakika kumi." Mama Dieudonnée anaukata kwa wino mwekundu.

"Dakika kumi ya nani? Ya ordinatere yako, ama ya ile muzee ya Salamabila?"

Wanaandika tena, safari hii pamoja. Apolline anaandika kwamba mtu aitazame mashine ya kwanza, asiguse kitu mpaka iandike neno TAYARI. Mama mkwe anaongeza maneno mawili mwishoni: hata ikichelewa. Wanajaribu mara mbili, mkononi mwa Mama Dieudonnée, na mara mbili inafaulu. Pitchou, mwenye pikipiki, anapiga honi saa nane kamili. Kwa njia ile ana siku nzima ya mwendo, na mvua ikinyesha ni siku mbili.

Kwa kazi hii Apolline hulipwa dola 120 kwa mwezi, na mumewe, Blaise, hulima mpunga. Si maisha ya kuringia, lakini humsikii akilalamika. Akiulizwa, huanza kuhesabu wa kuwashukuru: Blaise aliyeuza magunia ya mpunga ili anunue paneli, wauguzi wa Lusangi ambao hawakumfukuza, na Mungu aliyempa mama mkwe asiyemezea kosa.

Ijumaa jioni simu inalia. Ni Katembo, aliyepanda mlima kutafuta mtandao.

"Mama Apolline, batoto bote wako ndani. Elfu ine na mia tatu. Hakuna ule amepotea."

Apolline anamuuliza mashine ya kwanza ilichukua muda gani kuamka.

"Dakika makumi ine na moja. Nilifikiri imekufa. Nilikuwa karibu kuizima. Lakini karatasi ilisema hata ikichelewa, basi nikakalia mikono yangu."

Apolline anakaa chini sakafuni, simu bado sikioni, na machozi yanamtoka. Kisha anaushika mkono wa mama mkwe wake kwa mikono miwili. "Asante, Mama. Asante sana."

"Ya nini? Nilisoma tu," anasema Mama Dieudonnée, lakini mkono hauondoi.

Vituo vingine saba vya Kabambare vinangoja karatasi zao, na shirika limekubali kumlipa mjaribu mmoja kuanzia mwezi ujao. Apolline alitaka awe mama mkwe wake. Mwenyewe amekataa.

"Miye sitamufaa tena," anasema mwalimu huyo, akizipanga karatasi vizuri. "Juzi, hatua ya sita, mukono yangu ilifanya kabla sijasoma. Nimeanza kujua. Lakini nimekwisha kuongea na Emilienne wa kwaya. Iko anasoma muzuri sana, na hajui kitu."