Taarifa Iliyokosa Posta

Bernadine Hudak alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na mmoja katika ofisi ya mbunge wa jimbo, pale Corliss, mji wa vilima magharibi mwa Pensilvania. Wabunge watatu walikuja wakampita, yeye na kiti chake wakabaki. Ukitaka kibali cha kuegesha gari la mlemavu, ni kwa Bernadine. Ukipata barua ya serikali usiielewe kichwa wala miguu, ni kwa Bernadine. Mbunge wa sasa, Mheshimiwa Mattern, mwenyewe alizoea kuwaambia wageni, "Mimi nachaguliwa tu, anayetawala ni huyu mama." Naye hujibu bila kuinua macho, "Nitawale nini, na mtu mzima hata kahawa hajui kuchemsha?"

Kazi aliyoipenda kuliko zote ni taarifa ya mbunge, kurasa nne zinazopelekwa kila nyumba mara tatu kwa mwaka. Mbele huwekwa sheria mpya, ndani misaada inayopatikana, nyuma majina na picha za waliotimiza miaka hamsini ya ndoa na kuendelea. Na usidanganyike, watu wa Corliss huanza kuisoma kwa nyuma. Wakishamaliza kusema nani kazeeka na nani bado anapaka rangi nywele, ndipo mke huigeuza, akaisoma yote, akaibandika kwenye friji. Karatasi katika nyumba zile ni mambo ya wake. Mwanamume aliyekula miaka thelathini kiwandani hajui hata kadi yake ya bima iko droo gani.

Mwaka huo ndani ya taarifa kulikuwa na jambo ambalo Bernadine alilipigania kwa miaka tisa. Kiwanda cha vioo kilikuwa kimefungwa zamani, lakini vumbi la mchanga wa kutengenezea vioo lilibaki vifuani mwa watu. Mumewe, Steve, alikufa nalo kwenye kochi la sebuleni, na Bernadine ndiye aliyekuwa akimgeuza peke yake, usiku na mchana, mpaka mgongo wake mwenyewe ukakataa. Baada ya mazishi alianza kukusanya barua za wajane. Alizipiga chapa moja moja, akamsumbua Mheshimiwa mpaka akaipeleka hoja bungeni, na sheria ikapita. Mgonjwa wa vumbi atapata mashine ya hewa na muuguzi wa kuja nyumbani kila siku. Sharti ni moja: ajiandikishe mwenyewe, kwa saini yake, kabla Oktoba haijaisha.

Sasa, kuna kanuni kwamba siku sitini kabla ya uchaguzi mbunge haruhusiwi kutuma taarifa kwa umma, asije akajipigia kampeni kwa stempu za serikali. Bernadine aliijua kanuni hiyo kama anavyolijua jina lake. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Jumatano kila kitu kilikuwa tayari, isipokuwa picha ya wazee Sabol, waliotimiza miaka sitini ya ndoa. Bibi Sabol alikuwa bado anaitafuta darini. "Nisubiri, mwanangu," alisema kwenye simu. "Mwakani sisi hatupo." Nani angemkatalia? Bernadine akasubiri. Picha ikaja Ijumaa asubuhi, mchapaji akamaliza saa tisa, na alipofika posta na maboksi yake, dirisha la mizigo mikubwa lilikuwa limefungwa dakika kumi nyuma. Aligonga kioo mpaka kiganja kikamuuma. Msichana wa ndani akatikisa kichwa tu.

Alilia ndani ya gari, kisha akajifuta, akarudi ofisini. Taarifa ni marufuku, lakini kumpigia mtu simu si marufuku. Akachukua orodha ya wazee wa kiwandani, watu mia mbili na kitu, akaanza na herufi A. Hakupumzika hata Jumapili.

Nyumbani kwa mzee mmoja wa kiwandani, Andy Yurick, simu aliipokea Andy mwenyewe. Dolly, mkewe, alikuwa shoga wa Bernadine; miaka arobaini walikaa meza moja kila Ijumaa katika ukumbi ulio chini ya kanisa, wakibana pirogi, vile vifuko vya unga vya kuchemsha vyenye viazi ndani, za kuuzwa kwa faida ya kanisa.

"Andy, kuna sheria mpya ya wagonjwa wa vumbi. Unatakiwa uende ofisi ya afya utie saini."

"Msaada wa serikali? Wapeni wenye shida."

"Shida gani tena unayoitaka? Hicho kifua kinapiga filimbi mpaka huku."

"Mafua tu hayo."

"Nipe Dolly."

"Katoka. Nitamwambia."

"Kweli utamwambia?"

"We Bernadine! Tumesoma darasa moja. Nimewahi kukudanganya?"

Akacheka, kikohozi kikamkata kicheko. Bernadine akaweka alama ya vema mbele ya jina lake, na tarehe, akapiga simu ya nyumba iliyofuata. Mwezi ule Dolly hakuonekana kwenye pirogi. Wenzake walisema anamuuguza Andy. Bernadine akajisemea, haya, basi muuguzi atakuwa ameshaanza kwenda. Hakuuliza. Hapo ndipo alipokosea, na alikuja kulijua kosa hilo vizuri.

Andy alizikwa Januari, ardhi ikiwa ngumu kwa barafu. Wiki tatu baadaye Dolly aliingia ofisini, koti jeusi, hakuketi.

"Irene Petrik ameniambia mumewe analetewa muuguzi kila siku. Na mashine ya hewa. Ati simu ilitoka kwako."

"Ndiyo."

"Mimi Andy nilimgeuza peke yangu, Bernadine. Siku moja nilimwangukia, tukalala sakafuni saa nzima, siwezi kumwinua, yeye hawezi kupumua, ananiomba msamaha. Ananiomba mimi msamaha! Kwangu kwa nini hukupiga?"

Orodha ilikuwa kwenye droo, sentimita chache kutoka kwenye mkono wa Bernadine. Yurick, Andrew, alama ya vema, tarehe. Kuifungua tu kulitosha kumtoa lawamani. Lakini alimtazama yule mwanamke aliyekonda, akajua ule msamaha wa Andy ulikuwa wa nini, na akajua Dolly hakuambiwa habari za ile simu. Akimwonyesha, Dolly atarudi kwenye nyumba tupu kugombana na mtu asiyeweza kujibu, na atagombana naye mpaka siku yake ya kufa. Akaiacha droo imefungwa.

"Nilisahau," akasema.

"Watu mia mbili ukawakumbuka."

"Ndiyo."

"Mimi ukanisahau."

"Ndiyo, Dolly. Nisamehe."

Dolly alifunga vifungo vya koti lake polepole, kimoja kimoja, mpaka shingoni.

"Yule hakuwahi kunificha kitu maishani mwake," alisema. "Hata kimoja. Angejua, angeniambia siku hiyo hiyo."

"Najua."

"Hujui. Wewe hujui kitu."

Akatoka, wala hakuufunga mlango. Ijumaa iliyofuata Bernadine hakwenda kubana pirogi, wala ile iliyofuata. Dolly ameanza kwenda tena, na wanawake wa pale wameshaambiwa ni nani aliyemsahau.