Mchezo Nyuma ya Tangi la Maji

Wariara alikuwa na miaka ishirini na miwili alipopewa darasa la watoto wadogo katika shule ya shamba moja la maua ya pareto, upande wa Njoro. Ulikuwa mwaka wa 1954. Darasa lenyewe lilikuwa stoo ya zamani ya mbolea, na watoto thelathini na wanane walikalia magogo. Wengine walikuwa Wakikuyu, wengine Wakipsigis, wengine Waluhya, kwa hivyo aliweka sheria: hapa ni Kiswahili tu. Atakayeponyokwa na lugha ya kwao atavaa kibao shingoni hadi saa ya kwenda nyumbani. Kila asubuhi mtoto mmoja aliitwa mbele amnong'oneze mwalimu majina ya waliokosa jana; asiyetaja mtu alichapwa. Ndivyo Wariara mwenyewe, binti wa Kikuyu, alivyofunzwa, na hakuona ubaya wowote.

Aliyemshinda ni Wamaitha, msichana wa miaka sita. Huyu hakuvunja sheria kwa sababu hakusema neno, kwa lugha yoyote. Miezi miwili, kimya. Wariara alibembeleza, akachoka, mwishowe akakasirika. Siku moja alishika kiuno mbele ya darasa zima akafoka, "Kumbe ni mjinga tu! Mama yako alikuleta hapa ufanye nini?" Mtoto aliangalia vidole vyake vya miguu.

Wiki iliyofuata, wakati wa mapumziko, Wariara alipita karibu na tangi la maji akasikia sauti asiyoijua, kali na yenye kuamrisha. Alichungulia.

Alikuwa Wamaitha. Amesimama juu ya jiwe, fimbo mkononi, na watoto saba wamepanga mstari mbele yake. Kando yake alisimama mtoto mwingine aliyevikwa gunia kichwani, limetobolewa matundu mawili ya macho. Kila mtoto wa shamba alilijua gunia hilo. Askari walipokuja kuchambua wazazi wao, wakitafuta waliokula kiapo cha waasi wa msituni, palikuwa na mtu aliyefichwa ndani ya gunia kama lile. Akikutazama akatikisa kichwa, unapandishwa lori.

"Nani jana alisema Kikuyu?" Wamaitha aliuliza.

Gunia lilimgeukia msichana mmoja, likatikisika. Msichana akatolewa mstarini, akapigishwa magoti, akavishwa kipande cha ubao shingoni. Wamaitha akashika kiuno.

"Kumbe ni mjinga tu! Mama yako alikuleta hapa ufanye nini?"

Ilikuwa sauti ya Wariara mwenyewe, hata jinsi anavyovuta pumzi kabla ya kufoka. Lakini lililomtisha zaidi ni kwamba watoto hawakuwa wamechanganya michezo miwili. Kwao, mwalimu na gunia ulikuwa mchezo mmoja.

Alasiri alimfuata mama wa mtoto, Wanjugu, katikati ya mistari ya pareto.

"Mama Wamaitha, mtoto wako anaongea. Nimemsikia."

Wanjugu aliacha kuchuma. Uso wake ulijaa hofu. "Ameongea na nani? Amesema nini?"

"Alikuwa akicheza tu na wenzake. Kwani kuna nini?"

Wanjugu aliangalia huku na huku. "Askari alimpa peremende, akamwuliza baba yake analala wapi. Akaonyesha kwa kidole. Sasa baba yake yuko kizuizini, kambi ya Manyani. Nikamwambia, mdomo wako ndio umemuuza baba. Tangu siku hiyo akanyamaza."

"Ulimwambia hivyo? Mtoto wa miaka sita?"

"Nilimwambia. Na wewe, Mwalimu, ulimwambia nini?"

Wariara alimweleza yote, gunia, kibao, na lile tusi. Wanjugu alikaa chini kwenye udongo, kikapu kikiwa bado mgongoni.

Kesho yake Wariara alipasua kibao mbele ya darasa. "Mimi nilikosea," alisema. "Hakuna atakayemtaja mwenzake tena." Alidhani watafurahi. Walimkodolea macho tu, kisha mtoto aliyekuwa na zamu asubuhi hiyo akaanza kulia.

"Mwalimu, sasa nisipotaja mtu, nitachapwa mimi?"

Alilazimika kumpakata hadi akatulia, na siku nyingi zilipita kabla hajamwamini.

Wanjugu naye alimketisha binti yake jikoni Jumapili moja akamwambia, "Si wewe uliyemuuza baba. Ulidanganywa na mtu mzima, na mimi nikakuumiza zaidi." Wamaitha akauliza kama baba naye anajua kwamba si yeye. Mama hakuthubutu kumwandikia jambo hilo. Barua za Manyani zilisomwa na askari.

Shuleni, sauti ya kwanza ya Wamaitha ilisikika mwezi uliofuata. Aliinua mkono, akaomba maji kwa Kikuyu. Darasa zima likamgeukia mwalimu.

"Nenda ukanywe," Wariara alimjibu kwa Kikuyu.