Sauti ya Kati ya Verna Ostby

Mwaka 1996 Dafrosa Kimario alikuwa ametimiza miaka minane Minnesota, na mama yake alikuwa ametimiza mwezi mmoja kaburini, Kibosho. Dafrosa hakwenda kuzika. Karatasi zake zilikuwa uhamiaji, na mwenye karatasi uhamiaji akitoka harudi. Simu ya msiba ilipokuja alisikiliza, akasema asante, akavaa viatu vyake vyeupe, akapanda basi kutoka Frogtown, mtaa aliokuwa akiishi, kwenda kazini. Watanzania wenzake walimletea pilau na pole. Pilau alikula. Kulia hakuweza, na kusema kweli hakujitahidi sana. Moyo ulikuwa umekufa ganzi.

Kazi yake ilikuwa kuogesha na kulisha wakazi wa nyumba moja ya kutunzia wazee, Saint Louis Park. Chumba cha mwisho kilikuwa cha Verna Ostby, bibi wa miaka sabini na minane ambaye kiharusi kilimpokonya maneno yote. Alichobaki nacho ni mngurumo: noti mbili, kimya, noti tatu, kimya kirefu, kisha noti ileile mara saba. Asubuhi mpaka jioni. Wafanyakazi walisema anapiga kelele.

Kelele wapi! Kule Kibosho Dafrosa aliimba sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia miaka kumi na mmoja, na mtu wa sauti ya pili hana wimbo, ana kipande chake tu. Unafundishwa pembeni, kwa do re mi, na wimbo wenyewe wanao wale wa sauti ya kwanza, tena kwa maringo. Bibi huyu alikuwa anaimba kipande cha kati, na pale anaponyamaza alikuwa anahesabu. Dafrosa alihesabu naye huku akimsugua mgongo: mbili, tatu, nne. Bibi akaingia palepale. Kwa siku nzima hicho ndicho kitu pekee kilichomgusa Dafrosa, na kila asubuhi alikingoja.

Habari kamili alizipata kwa Walter, mpwa wa Verna, mstaafu wa posta aliyekuja kila Jumapili. Akina Ostby walikuwa dada watatu, mabinti wa mwoka mikate wa Minneapolis. Hazel, mkubwa, alishika wimbo. Inga akaimba juu. Verna akawekwa katikati. Mwaka 1937 wakaanza kusikika redioni, kisha wakachukuliwa na bendi kubwa ya tarumbeta na saksafoni, wakazunguka kumbi za dansi kutoka Duluth hadi Kansas City wakiwa wamevaa gauni za kitambaa kimoja. Watu walilijua jina la Hazel. Hazel alipoolewa, mwaka 1947, kundi likafa. Verna akaenda kuuza vitambaa dukani miaka thelathini.

"Dada zake wote wamefariki," Walter alisema. "Na yeye hakuwahi kuimba tena, hata jikoni. Ameanza sasa."

Jumatatu Maureen, muuguzi mkuu, Mkenya wa Kisii, alimwita Dafrosa koridoni.

"Dafrosa, huyu mama ana-disturb floor yote. Asipotulia by Friday, daktari anam-move ghorofa ya nne."

Ghorofa ya nne mlango ulifungwa kwa namba za siri, na wazee walipewa dawa wakasinzia mchana kutwa.

"Sista Maureen, yule anaimba."

"Anaimba song gani sasa? Si basi unionyeshe?"

Dafrosa akampigia Walter, na Walter akaleta kaseti aliyorekodi kutoka kwenye santuri ya akina Ostby ya mwaka 1941. Kule Kibosho, mtu akiyumba katika sauti yake, mwalimu humkalisha jirani na aliye imara katika sauti hiyohiyo, naye huegemea hapo mpaka akae sawa. Na nani angekuwa imara kuliko Verna mwenyewe wa mwaka 1941? Alhamisi akaweka redio kaseti kando ya kitanda, Maureen amesimama mlangoni, akabonyeza.

Sauti tatu zikatoka. Ile ya kati ilikuwa ya Verna, noti kwa noti.

"Woi! Kumbe ni yeye!" Maureen alisema.

Verna alikuwa katikati ya kipande chake. Akasikiliza. Kisha akafunga mdomo na kuweka mkono wake mzima juu ya ule uliopooza, mapajani, kwa adabu, kama mtu aliyefika akakuta kiti chake kimekaliwa. Kaseti ikaisha. Hakuanza tena siku hiyo, wala Ijumaa, wala Jumamosi.

Jumapili Walter alipoambiwa, alikaa kitako ukingoni mwa kitanda.

"Walikuwa watatu tu," alisema. "Kila sauti mtu mmoja. Hazel hakuruhusu wawili kwenye sauti moja, hata mazoezini. Mwenzako akiishika, wewe unanyamaza."

Hapo Dafrosa akalijua kosa lake. Kwaya ya watu arobaini ina mahali pa kuegemea. Ya watu watatu haina. Angepaswa kuimba wimbo wa Hazel na kuiacha nafasi ya katikati wazi. Akawa anaisikiliza kaseti kwa visikilizio kwenye basi, Frogtown hadi kazini, siku tatu, hadi akaushika. Jumatano akapiga magoti mbele ya Verna akauimba wote, na kila palipokuwa pa Verna alimtazama na kumngoja.

Verna alimsikiliza kwa upole hadi mwisho, bila kuingia hata mara moja. Kisha akampigia makofi, kwa mkono ule mmoja uliokuwa mzima, juu ya paja lake.

Koridoni Maureen alikuwa anatabasamu.

"Good job, Dafrosa. Ile transfer ime-cancel-iwa. Hata daktari ameuliza ulifanya nini."

Dafrosa alitaka kulia. Alitaka kabisa. Alisimama pale na karatasi ya zamu mkononi, akangoja machozi, na hayakuja. Basi akachukua kalamu, na kwenye mstari wa chumba cha mwisho akaandika kwamba mgonjwa ametulia.