Deolinda na Mlango wa Anta

Kama kuna mwanamke katika Alentejo nzima, huko kusini mwa Ureno, aliyeweza kubishana na ukuta mpaka ukuta ukaomba radhi, ni Deolinda Fragoso. Mbuzi wake aliwarithi kwa mama yake, na kila majira ya baridi walizalia ndani ya anta, lile kaburi la mawe makubwa la watu wa kale nyuma ya nyumba. Mifupa iliondoka zamani. Paa la jiwe lilibaki, na nani atupe paa zuri?

Mwaka ule mumewe, Jacinto, akapata akili. Aliziba mdomo wa anta kwa mawe ya shambani, akafungua pengo la upande wa machweo, linalotazama jikoni kwao, ili achunge mbuzi huku anakunywa supu yake ya mkate. Mvivu yule, lakini mvivu mwenye mipango!

Kufika Januari, watoto wawili wa mbuzi walikuwa wamekufa. Wa tatu, jike, alilala kwenye majani yenye unyevu akikohoa kama mvuta tumbaku.

"Rudisha mlango ulipokuwa," Deolinda alisema. "Anta zote za huku zinatazama jua linakochomoza. Ulishaona hata moja inayotazama sufuria?"

"Zilijengewa maiti, mama. Maiti hawakohoi."

"Ndiyo hapo sasa! Maiti walipewa jua, na mbuzi wangu walio hai unawanyima?"

"Basi, kesho."

"Kesho yako naijua, ina ndevu kukushinda."

Alfajiri, Jacinto akiwa bado anakoroma, Deolinda alijifunga shali akaenda kubomoa mawe yaliyoziba mdomo wa anta. Kidole kilichubuka, akalitukana jiwe, akamtukana na aliyeliweka. Jua lilipotokeza juu ya mialoni, liliingia mdomoni mwa anta moja kwa moja, likafika hadi ndani kabisa. Majani yakaanza kufuka mvuke. Mgonjwa akainua shingo.

Nyumbani kukasikika kelele. Jacinto alitoka na nguo za kulalia, amejikunyata.

"We Deolinda! Koti langu la ngozi ya kondoo liko wapi?"

"Linaziba pengo lako, upepo usipite. Ukilitaka, leta mawe."

"Mke gani wewe!"

"Mwenye mbuzi. Haya, beba, utapata joto."

Akabeba, meno yakigongana. Alipopachika jiwe la mwisho, yule mtoto alikuwa chini ya mama yake, ananyonya kwa fujo, mkia unacheza, na Deolinda ameshaanza kumchagulia jina.